Themostati Yenye Doa la Kijani

Aliyeiua injini ya gari langu ni fundi niliyemkabidhi gari hilo kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna mtu wa kugawana naye lawama. Si mimi, si mbuzi wa Kiamaiko, si jua la siku ile, wala si rejeta iliyokutwa kavu. Ninaanza na jambo hili kwa sababu kwa miaka mingi habari hii imesimuliwa kinyume, tena imesimuliwa vizuri mno, kwa vicheko, na mtu aliyejaliwa sauti nzuri kuliko yangu. Jina lake silitaji. Mwenyewe analijua, na majirani wanalijua.

Nilikuwa afisa wa usafirishaji katika idara moja ya serikali hadi nilipostaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa magari. Hakuna gari lililotoka katika yadi yetu kabla sijahakikisha maji, oili, matairi na akili za dereva. Nilikuwa pia na desturi moja ambayo wenzangu waliicheka: gari lilipopelekwa kutengenezwa katika gereji za nje, nilitia doa dogo la rangi ya kijani kwenye kila kipuri kinachoweza kuchomolewa. Gari liliporudi, nilitafuta madoa yangu. Doa lilipokosekana, nilijua kipuri chetu kimebaki huko na tumerudishiwa kikuukuu cha mtu mwingine, na mwenye gereji aliitwa ofisini kujieleza. Nilipostaafu sikuiacha desturi hiyo, na mkebe wa rangi nilihama nao hadi nyumbani, Lucky Summer. Msomaji asilisahau doa hilo.

Binti yangu alipokuwa mdogo, wakati wa Pasaka nilikuwa nikimpeleka nje ya mji kutazama magari ya mashindano yakipita. Tulisimama kando ya barabara ya vumbi, yeye mabegani mwangu, tukiwasikia watu wa mbele wakipiga kelele kabla sisi hatujaona chochote. Kisha gari lilitokea, likapita, likatuachia mchanga mdomoni. Siku moja akanishika masikio kama usukani, akauliza, "Baba, sisi tutapanda lini?"

"Siku ya harusi yako," nikamjibu, kama mzazi anavyojibu anapotaka kupewa muda.

Hakusahau. Alipomleta mchumba wake nyumbani, na mama yake yuko jikoni akikaanga samaki, neno la kwanza aliloninong'oneza lilikuwa, "Baba, gari liko wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kulitafuta. Lilikuwa gari lililokimbia mashindano hayohayo, likapinduka, likaachwa nyuma ya gereji moja katika eneo la viwanda hadi majani yakaota ndani yake. Bodi ilinyooshwa na wagonga mabati wa Gikomba. Viti nilivishonesha upya. Injini, ambayo ilikuwa na turbo na ndiyo iliyolifanya gari lile kuwa lilivyo, nilimpa fundi ninayemzungumzia aifungue yote na kuijenga upya. Nilimchagua kwa sababu alikuwa jirani yangu na kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, mtu wa utani ambaye hakuna sherehe iliyofanyika mtaani bila yeye kushika maikrofoni. Uwanja wake wa kazi ulikuwa Baba Dogo, ndani ya ua wa mabati, na kila mara nilipopita nilimsikia akifundisha sauti ya pili huku akikaza nati.

Sitamnyima haki yake. Pistoni alizipanga vizuri, ringi zilikaa, na turbo ilipuliza kama ilivyotakiwa. Siku ya kunirudishia gari aliniwashia mwenyewe, akakanyaga mafuta kidogo, na kuku wa jirani wakapanda juu ya ua.

"Mzee, hii ndai sasa ni ndege," akasema. "Ukienda nayo dukani, chunga usijipate Thika."

"Umerudisha kila kitu mahali pake?"

"Kila kitu cha maana, mzee wangu."

Niliyasikia maneno hayo, nikayachukua kuwa namna yake ya kuzungumza. Nilikagua madoa yangu yote yaliyoweza kuonekana, nikayakuta. Lililokuwa kwenye themostati mpya niliyomletea fundi sikuweza kuliona, kwa kuwa kipuri hicho hukaa ndani, chini ya shingo ya bomba la maji, na kukiona ni lazima ufungue. Nililiendesha mara kadhaa asubuhi, barabara ikiwa tupu, mwendo mfupi, upepo mwingi. Lilikwenda vizuri. Binti yangu nilimkataza kupanda kabla ya siku yenyewe.

Asubuhi ya harusi nilipima oili, nikapima matairi, nikajaza maji. Nasema tena: nikajaza maji. Mke wangu, akiwa amekwisha kuvaa kitenge chake kipya, alishika birika huku akinilalamikia kwamba nitamchafua. Nilimimina hadi maji yakafika shingoni, nikafunga kifuniko, nikakijaribu kwa kiganja.

Watu wa mitaa yetu wanajua jinsi msafara wa harusi unavyokwenda. Hauendi. Unatambaa. Magari yamefungwa riboni, honi hazinyamazi, akina mama wametoa nusu ya miili madirishani wakipiga vigelegele, na dereva anayethubutu kuongeza mwendo anaulizwa anamkimbiza nani. Ndivyo tulivyotoka Lucky Summer, tukapita Baba Dogo, tukaelekea kanisani Bahati kwa njia ya Kiamaiko. Binti yangu alikaa kando yangu, shela lake limejaa gari zima. Watoto walikimbia pembeni wakigonga milango. Alinitazama, akasema, "Baba, unakumbuka nilivyokushika masikio?" Nikamwambia nakumbuka. Nilikuwa mtu mwenye furaha, na sijapata kuwa vile tena nikiwa nyuma ya usukani.

Kiamaiko ilikuwa siku ya soko. Mbuzi walijaa barabarani, wanunuzi wakawashika miguu, wachinjaji wakavuka na mikokoteni ya ngozi. Tulisimama, tukasogea, tukasimama. Hapo ndipo mshale wa joto ulipoanza kupanda. Sikusubiri. Nilitafuta mahali pa kuegesha, na hapakuwa na mahali isipokuwa juu ya mbuzi, basi nikazima injini palepale katikati ya barabara. Nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Mlio mmoja ulisikika chini ya boneti, kama kitambaa kizito kinachopasuliwa, kisha mvuke ukatoka kila upande hadi sikuyaona maua niliyofunga mbele.

Fundi alikuwa katika gari la tatu, pamoja na kwaya. Alikuja mbio, suti yake ya samawati imeng'aa, akafungua boneti, akazungushia kifuniko cha rejeta koti la mtu, akakifungua. Akachungulia. Kisha akainua kichwa na kutangaza kwa sauti ileile ya kuongozea kwaya:

"Haina maji! Kavu kabisa! Mzee, haukuweka maji!"

Kwa kawaida rejeta iliyokwisha kutema maji yote barabarani hukutwa haina maji. Jambo hilo angelielewa hata mtoto, na maji yenyewe yalikuwa bado yanatiririka chini ya viatu vyake. Lakini watu hawakutazama chini. Walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

"Uwiii! Mzee wa magari!" mama mmoja wa kwaya akasema, na wote wakacheka.

Aliyetuokoa ni mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa na pikapu kando ya barabara. Alitandika shuka safi kwenye kiti cha mbele, akamfungulia binti yangu mlango kwa heshima ambayo sikuipata kwa watu wa kanisa langu. "Panda, mama," akamwambia. "Hawa mbuzi wanakuombea dua. Ulikuwa umewachelewesha kwenda kwa mchinjaji, sasa umewapa siku nzima." Binti yangu alicheka, nami nikashukuru kwamba anacheka. Mbele hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Nilipanda nyuma, na suti yangu, pamoja na mbuzi ambao hawakuwahi kushushwa, na hivyo ndivyo nilivyomfikisha mtoto wangu madhabahuni.

Yote hayo ningeweza kuyasamehe. Mitambo hufa, na harusi nyingi zimeingiwa na aibu kubwa kuliko hiyo. Jambo nisiloweza kulisamehe lilitokea baada ya chakula, katika ukumbi, fundi aliposimama na maikrofoni kama msimamizi wa sherehe.

"Wapendwa," akaanza, "bibi harusi wetu ameletwa leo na mbuzi, makofi kwa mbuzi!" Watu wakapiga makofi. "Na mnajua mzee wetu alikuwa mkubwa wa magari ya serikali. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiuliza, jameni, mbona magari ya serikali yanakufia njiani? Leo Mungu ametujibu!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mkwe wangu mtarajiwa wa saa chache zilizopita, ambaye sasa alikuwa mkwe kamili, alificha uso kwenye leso. Wazee wa upande wake walishikana mabega. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye glavu nyeupe, mabega yakimtikisika.

Gari lilivutwa hadi nyumbani kwa kamba. Sikumruhusu fundi kuligusa. Wiki iliyofuata nilivaa nguo za kazi, nikafungua shingo ya bomba la maji mimi mwenyewe, na ndani yake sikukuta kitu. Kitako cha themostati kilikuwa kitupu, kimepanguswa vizuri na kufungwa kwa gasketi mpya.

Naomba nieleze kwa wasiojua. Themostati ni mlango mdogo wa chuma unaofunguka kwa joto. Maji yanapopata moto, mlango huo hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta yakapoe. Katika injini ya aina ile una kazi ya pili: unapofunguka, mgongo wake huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiuondoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu kubwa ya maji huzunguka mlemle kwenye moto bila kufika kwenye rejeta. Barabara ikiwa tupu na upepo ukivuma, hutatambua. Ukitambaa nyuma ya riboni na mbuzi, chini ya turbo inayochemka, gasketi huungua, silinda hedi hupinda, na pistoni hujikwaruza hadi kufa. Niliyakuta yote matatu.

Nilikwenda Baba Dogo mchana, nikamkuta akila githeri kwenye sufuria. Juu ya kichwa chake, kwenye ukuta wa mabati, ulining'inia waya mrefu uliotungwa themostati kama samaki wa kukaushwa. Nilikuwa nimeuona waya ule siku zote nikidhani ni vipuri vya kuuza.

"Karibu, mzee. Zile mbuzi zimekusalimia?"

"Zile ni nini?" nikauliza, nikinyoosha kidole.

"Hizo?" Akazitazama kama mtu anavyotazama vikombe alivyoshinda. "Hizo ni kazi yangu. Kila injini nikijenga, hiyo kitu natoa. Hiyo ilitengenezewa watu wa theluji, mzee, ndiyo injini yao ipate joto asubuhi. Hapa Nairobi theluji iko wapi? Inazuia tu maji."

"Nani alikupa ruhusa ya kutoa yangu?"

"Ruhusa ya nini? Nilikusaidia! Angalia waya yote hiyo. Hakuna gari hata moja imerudi kulalamika."

"Langu halikurudi kwa sababu limekufa."

Akacheka, akanikaribisha githeri. Nilipanda juu ya gurudumu kuukuu, nikaanza kuzigeuza moja baada ya nyingine huku zikigongana. Zilikuwa za kila aina, zenye kutu na zisizo na kutu. Karibu na mwisho wa waya niliiona, mpya kuliko zote, na chini ya ukingo wake kulikuwa na doa langu la kijani.

Nilimwonyesha. Alilisugua kwa kidole gumba, likakataa kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa mzaha.

"Sawa, mzee," akasema taratibu. "Hiyo ni yako. Chukua."

"Nimeshaichukua. Sasa utawaambia watu uliowaambia kwamba sikuweka maji."

"Nitasema Jumapili. Wakati wa matangazo. Haki ya Mungu."

Jumapili ilifika. Wakati wa matangazo alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba mazoezi ya kwaya yamesogezwa hadi Alhamisi.

Baada ya hapo nilihamia benchi la mbele, upande unaotazamana na kwaya. Kila Jumapili nilitoa themostati mfukoni na kuiweka juu ya kitabu changu cha nyimbo, doa likimwelekea yeye. Aliponiona aliinua macho hadi kwenye paa, na sauti ya pili ikamfuata ikapotea. Mke wangu aliniambia ninatenda dhambi ndani ya nyumba ya Mungu. Nilimjibu kwamba ninangoja matangazo. Siku za kazi nilikwenda kwa majirani waliotengenezewa magari na fundi yule, nikawaeleza walivyoibiwa kipuri huku wakitabasamu. Wengine walinifungulia boneti kwa adabu. "Lakini mzee," akaniambia mmoja, muuza duka mwenye asili ya pwani, mtu mstaarabu sana, "mbona langu latembea?" Nilimwambia alipeleke kwenye msafara wa harusi.

Ningeweza kuuvumilia mtaa wote kuniona mzembe, kama isingekuwa jambo moja. Binti yangu alikuja kutuamkia na mumewe, mara ya kwanza tangu harusi. Tulipobaki wawili jikoni, yeye akisuuza vikombe, akasema bila kugeuka:

"Baba, sitakasirika. Niambie tu ukweli. Uliweka maji?"

"Niliweka. Mama yako ndiye aliyeshika birika."

"Mama atakutetea tu."

Niliitoa themostati, nikaiweka mezani mbele yake, nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa. Alikausha mikono, akasikiliza mpaka mwisho jinsi mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Kisha akaigeuza, akaliona doa.

"Rangi hii si ile ya mkebe ulio chini ya kitanda chenu?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi hata leo ungeweza kuitia, baba." Alinishika bega kwa upole ulioniumiza kuliko vicheko vya ukumbi. "Gari ni gari tu. Mimi nilifurahi. Tuyaache."

Alikuwa na haki. Nimekaa upande wa pili wa meza nikisikiliza maelezo ya wenye gereji kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba ushahidi uliotiwa alama na mlalamikaji mwenyewe haumlazimishi mtu kuuamini. Kinywa kimoja tu ndicho kiwezacho kunisafisha kwa binti yangu, nacho ni kile kilichonichafua.

Mwenye kinywa hicho alihama. Alipochoka kunitazama Jumapili alijiunga na kanisa jingine, kisha akahamisha kazi yake upande wa pili wa jiji, ambako nasikia ana gereji yenye sakafu ya saruji na vijana wanaojifunza kwake. Nilifika huko, nikasimama langoni. Waya upo. Umekuwa mrefu zaidi.

Bodi ya gari langu niliiacha uani hadi watoto wa mtaa walipoigeuza nyumba yao ya kuchezea, kisha nikaiuza kama chuma chakavu. Injini nilikataa kuiuza. Iko stoo, imefunikwa kwa turubai, silinda hedi iliyopinda juu yake, kwa yeyote atakayetaka kuikagua. Na kila Krismasi familia ikikutana, wajukuu wangu huomba wasimuliwe habari ya babu aliyesahau kuweka maji akampeleka mama kwa mbuzi. Binti yangu huisimulia kwa mapenzi, akiigiza sauti ya fundi. Mdogo wao huinuka na kuniletea bilauri ya maji. "Kunywa, babu, usikauke." Wote hucheka, nami hunywa.

Kwa hiyo, nikiwa na akili timamu, na baada ya kumpa fundi huyo Jumapili nyingi za kujirekebisha, namdai hadharani kama ifuatavyo. Simdai fedha, wala injini, wala samahani ya faraghani mlangoni pa gereji. Namdai afike nyumbani kwangu Lucky Summer Krismasi ijayo, chakula kikiwa mezani na watoto wote wakiwapo. Asimame, na atamke kwa sauti ileile aliyoitumia Kiamaiko na ukumbini kwamba aliiondoa themostati bila idhini yangu, kwamba injini iliungua kwa sababu hiyo, na kwamba maji yaliwekwa. Amtazame binti yangu anapoyatamka. Asipofika, akae akijua kwamba nitakwenda nilipo na haki ya kwenda, langoni pake, mbele ya wateja wake, na nitasimama hapo kila siku ya kazi mpaka ajieleze. Kielelezo kiko mfukoni mwangu, na doa bado halijafutika.